Duara la Kimulimuli

Wanyama walikuwa na desturi yao: aliyebuni kitu alikiweka juu ya jiwe pangoni kwa Kobe, mwamuzi wao, na tangu hapo hakuna aliyekiiga bila idhini ya mbunifu.

Kimulimuli alihangaika msimu mzima. Alizunguka kwa kasi gizani huku akiwaka na kuzimika, akaanguka, akaanza upya, hata siku moja nuru yake ikachora duara la maua hewani. Kunguru alichungulia mara moja tu, akaenda mbio kwa Kobe.

Kimulimuli alipofika, akamkuta Kunguru keshadai. "Duara la nuru ni langu. Nimetangulia mimi."

Kimulimuli alimsogelea Kobe. Shahidi hakuwa naye. "Bwana Mwamuzi," alisema, "niache nizunguke mara ya mwisho."

Akazunguka. Maua yakachanua pangoni.

"Ndilo hilo," Kunguru akasema.

"Basi liweke juu ya jiwe," Kobe akamwambia.

Kunguru alilirukia, kucha zake zikashika hewa. Kimulimuli, pumzi zimemwishia, akatua juu ya jiwe. Duara likatoweka, ikabaki nukta moja ya nuru.

"Amelificha," Kunguru akalalamika.

"Yeye ana nukta hiyo na mbio zake," Kobe akasema. "Nukta ilipokimbia, duara lilikuwa machoni mwako tu. Litoe humo."

Kunguru akafumba macho, akatafuta, akakuta giza tupu. Alipoyafumbua, juu ya jiwe alikuwapo Kimulimuli, bado anahema.