Fundi Taavetti na Mashine za Majirani

Trekta la jirani Saimi lilizimika mbele ya karakana ya Taavetti saa tatu asubuhi. Ilikuwa mashine ya tisa kuletwa pale tangu mazishi ya mke wa fundi.

Taavetti alitoka amevaa koti la kazi alilolala nalo. Kwa miaka arobaini alikuwa ameunda injini za magari ya mashindano ya barafuni, na watu walitoka mpaka mji wa Oulu, kaskazini mwa Finland, kumfuata kijijini kwake. Mwezi wa Oktoba mkewe, Lempi, alifariki. Tangu hapo alikula alipokumbuka. Hakulia. Alikuwa kama mguu uliokufa ganzi: unaona upo, lakini si wako.

"Limekuwaje tena?" aliuliza.

"Hata sijui, fundi. Jana lilikuwa zima. Leo linakohoa tu."

"Na wiki iliyopita Onni na msumeno wake wa injini. Nyie watu mashine zenu mnazilisha nini?"

Saimi alicheka kidogo, akatazama viatu vyake. Kisha akashusha sufuria ya supu ya samaki na mkate mweusi, akaviweka mezani, pembeni ya kopo la kahawa ambalo Taavetti alilikata zamani kubania ringi za pistoni anapoziingiza kwenye silinda.

"Piga stata," Taavetti alisema.

Injini iliwaka kwa shida, ikitetemeka. Alichukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja akaitia sikioni, nyingine akaipitisha polepole juu ya injini. Hakuwahi kununua kipimo kingine.

"Zima. Silinda ya tatu."

Akafungua plagi, akaiinua kwenye mwanga. Ile nafasi ndogo ya kurushia cheche ilikuwa imebanwa kabisa. Akaigeuza, akaona alama mpya ya koleo. Akaipanua kwa ncha ya kisu, akapima kwa wembe aliokuwa ameutia alama.

"Njoo ushike," alisema. Alichomeka kichwa cha plagi kwenye mpira uleule. "Usiirudishe kwa spana. Izungushe na mpira, kwa vidole. Ikiingia vibaya, mpira utateleza wenyewe. Spana haina huruma, itakukatia nyuzi zote za tundu zinazoishika plagi."

Saimi alizungusha. Mara ya kwanza mpira uliteleza. Mara ya pili plagi ikazama taratibu.

"Kumbe rahisi hivi!"

"Lempi alijifunza siku moja," Taavetti alisema. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi kulitaja jina hilo mbele ya mtu. Sauti yake haikubadilika.

Saimi alinyoosha mkono, akapiga stata.

Injini iliwaka, ikanguruma bila kukohoa. Ilikuwa saa tano na nusu.

"Ahsante sana, fundi. Kula basi, supu isipoe." Akapanda kwenye kiti haraka, kama mtu anayekimbia maswali.

Taavetti alipangusa mikono. Alitazama ua uliojaa theluji, mweupe mtupu mpaka msituni.

"Saimi."

"Naam?"

"Waambie wenzako, atakayefuata kuharibu mashine yake aiharibu sawasawa. Hizi nazimaliza kabla ya saa sita, na alasiri ndiyo inayonishinda."