Ufa Chini ya Godoro

Mji ule haukuwa na mto wala kisima. Watu walikunywa mvuke uliofuka ardhini: waliufunika kwa bati, wakaupitisha kwenye bomba hadi ukapoa na kudondoka ndani ya pipa. Tangu tetemeko la ardhi, tundu la mvuke la Sikudhani, nyuma ya nyumba yake, halikufuka tena.

“Maji yamekufa, mama Neema,” alisema mumewe, Masumbuko, akitafuta kamba ya kufungia godoro. Lori la kuhama lilikuwa linapiga honi barabarani.

“Maji hayafi. Yamezibiwa njia tu.”

“Haya, yapite wapi sasa?”

Sikudhani akashika upande wake wa godoro, wakalinyanyua kutoka sakafuni. Lilikuwa zito, limelowa chini.

“Umemwaga chai hapa?” aliuliza Masumbuko.

Sikudhani akapiga magoti, akaweka kiganja sakafuni. Palikuwa na ufa mwembamba kama uzi, na ulikuwa unapumua joto.

“Baba Neema,” akasema taratibu, “niletee bati na bomba.”

Masumbuko alikitazama chumba chao cha pekee. Kisha akatoka, akaanika godoro juu ya ua.

Lori lilipoondoka bila wao, bomba lilikuwa limeshatokeza dirishani. Mdomoni mwake tone la kwanza lilining’inia, likinenepa.