Maini Aliyoyajua Muuza Nyama

"Huu mwezi wa tatu sukari siigusi, hata kwenye chai," alilalama muuza nyama, jeli ya baridi ikimtambaa tumboni. "Sasa hii ya kwenye damu anaitia nani?"

"Ini lako." Daktari alionyesha weupe kwenye skrini ya ultrasound. "Limejaa mafuta, limevimba. Insulini ikiliambia sukari imetosha, halisikii. Linaendelea kuimwaga."

Muuza nyama akainua shingo atazame vizuri. Maini ya ng'ombe yaliyopauka hivyo aliyajua kwa vidole: ukiyabonyeza, shimo linabaki. Miaka thelathini alikuwa akiyatupa.

Akajibonyeza polepole chini ya mbavu za kulia.

"Daktari, sijawahi kuona ini la hivi likirudi kuwa jekundu."

"Hao ng'ombe wako walikuwa wameshachinjwa."