Kikohozi cha Dume la Mwenyekiti

Mwenyekiti Methusela alikuwa jikoni, kanga ya mkewe kiunoni, akipambana na ugali. Ulikuwa umeungua chini na juu umejaa mabonge. Miaka ishirini alikiendesha kijiji kizima kwa ukali, na sasa sufuria moja ilimtoa jasho.

Asicheke mtu. Siku hiyo kila mwanamume kijijini kwao, upande wa Mlali, alikuwa ndani akifanya kazi za mkewe. Ndiyo mila: ugonjwa ukiingia kwenye mifugo, wanawake huvaa nguo za waume zao, hushika fimbo na mikuki, huswaga ng'ombe hadi mpakani na kuutupa ugonjwa huko. Mwanamume akichungulia, ugonjwa unarudi.

Aliyeleta habari alikuwa Bibi Dorkasi, Jumatatu asubuhi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Dume lako linakohoa, Mwenyekiti. Tunaomba Alhamisi tukatoe ugonjwa."

Methusela hakuwa amesikia dume likikohoa. Lakini neno Alhamisi alilisikia vizuri sana. Ndiyo siku ambayo Violeth, afisa wa wilaya, angekuja kusimamia uchaguzi wa mwenyekiti, wa kwanza tangu vyama vingi viruhusiwe. Kanuni ilitaka nusu ya watu wazima wawepo kwenye uwanja wa shule. Wanaume wakijifungia ndani, nani atapiga kura? Afisa angegeuza gari, na mwenyekiti angebaki mwenyekiti.

Na alitaka sana kubaki. Mwisho wa mwezi angempa mfanyabiashara mmoja wa Dodoma bonde lote la bustani za kina mama, bonde lililolisha watoto wa kijiji hata mvua zilipogoma. Kina mama walipopinga mkutanoni, alihesabu mikono kama kawaida yake: ya wanaume tu.

"Mikono ya wanawake ni ya kuchotea maji," alisema, na wanaume wakacheka kwa woga. Mjini watu walisema siku hizi kila kitu ruksa. Kwa Methusela ruksa hiyo ilikuwa bado haijafika.

Basi alitangaza mwenyewe, nyumba kwa nyumba: mwanamume atakayetoka nje Alhamisi, faini mbuzi. Hakuna mila aliyowahi kuitetea kwa moyo namna ile.

Alhamisi alfajiri mkewe Tabu alivaa suruali ya mumewe na koti lake la kaki, lile la vikao.

"Mhuri umo mfukoni humo," Methusela alimwonya. "Usije ukaudondosha huko porini."

"Nitautunza, Baba Nikodemo."

Saa nne alisikia gari la wilaya likiingia. Akacheka peke yake hadi akashika ukuta. Akasubiri lisikike likiondoka. Kimya. Saa sita, bado. Akajua limenasa mchangani, akamhurumia kidogo yule binti wa watu. Saa nane ngoma na vigelegele vikalipuka upande wa shule, kisha gari likaondoka taratibu. Methusela akadhani ni wanawake wanaorudi kutoka mpakani; akashusha pumzi, akafunga kanga vizuri, akabandika maji ya ugali.

Alikuwa bado anakwangua sufuria Tabu aliporudi. Hakuvua koti. Alipita moja kwa moja, akaketi kwenye kiti chenye mikono, ambacho hata wageni hawakuthubutu kukigusa.

"Pole na kazi," Methusela alisema. "Dume je?"

"Dume halijambo."

"Na afisa? Alikuja akakuta uwanja mtupu, maskini!"

"Alikuja. Akahesabu watu wazima mia mbili na kumi, mmoja mmoja, zaidi ya nusu ya kijiji. Kisha akahesabu mikono."

Mwiko ukabaki hewani.

"Mikono ya nani? Wanaume wote walikuwa ndani!"

"Ulitusaidia sana kuwafungia." Tabu akautoa mhuri mfukoni, akaupuliza vumbi, akauweka mezani mbele yake. "Lete huo ugali, Baba Nikodemo. Kesho mapema mwenyekiti ana kikao cha bonde."