Likizo Aliyoilipia Ngendo

Kihara alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda cha hoteli, akinusa kiatu cha mkewe. Ngendo alikuwa amemwambia anakwenda mapokezini tu, mbona basi kiatu kimejaa mchanga? Kisiwa kizima kilikuwa mchanga, lakini hilo halikumwingia akilini.

Huyo ndiye Kihara wa Mukurweini. Alikuwa na ng'ombe wa gredi wenye maziwa mengi, kahawa iliyomlipa vizuri mwaka ule bei ilipopanda, na wivu usio na dawa. Ngendo akichelewa sokoni, alimngoja langoni. Daktari wa mifugo akija, Kihara alisimama katikati yao mpaka ng'ombe adungwe sindano na mgeni aende zake. Ndoa ilikuwa na miaka minne na mtoto hajapatikana, na hata kwa hilo alimshuku mkewe kwamba anakunywa dawa kisirisiri. Hakuwahi kulala nje ya boma lake hata siku moja. Angemwachia nani Ngendo?

Ndipo Ngendo akamshangaza. Alisema zamu yake ya kupokea pesa za mchango imefika katika chama cha akina mama, na amelipia likizo ya wiki nzima kisiwani: kitanda, chakula, soda, kila kitu.

"Twende sisi wawili tu," alimwambia. "Tupumzike."

Kihara alikubali, akamwachia mamake boma, kwa sababu moja. Aliamini kuna mwanamume anayemngoja mkewe huko, na alitaka kumwona kwa macho yake.

Kwanza alimshuku Dawud, mhudumu wa meza yao, kijana mcheshi aliyewaletea samaki wa kupaka na kumwita Ngendo "bibie". Siku ya pili uvumilivu ulimwishia.

"Huyu ni bibi yangu," alimwambia. "Usifikirie ataniacha."

Dawud akacheka. "Mungu apishe mbali, mzee wangu. Kwetu sisi talaka ni maneno tu, na wengi hujuta. Nyinyi watu wa bara mnaachanaje?"

"Ati maneno? Sisi hatuachani ovyo! Kwetu lazima watu wa kwao warudishe mbuzi zote nilitoa za mahari. Na si kurudisha tu, lazima zilale kwa boma yangu. Jirani yangu Muriithi aliletewa zake, akasimama kwa geti na panga. Zikarudi kwenye zilitoka. Bibi ako kwake mpaka leo."

Alicheka peke yake. Ngendo alikuwa akichambua miiba ya samaki na kuipanga kando ya sahani. Dawud aliondoka na vyombo na hakurudi tena kuzungumza.

Lakini kila alasiri Ngendo alikwenda kupiga simu. Siku ya nne Kihara alimfuata nyatunyatu, akajibanza nyuma ya nguzo ya mapokezi.

"Ako hapa, hajui kitu," Ngendo alikuwa akisema. "Leo? Sawa. Nashukuru sana, sana."

Sauti ilikuwa laini, kama ile aliyomsemesha nayo Kihara siku za uchumba. Aliona ameshampoteza, na aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Mkewe alipoondoka, alimwendea Waridi, binti aliyeunganisha simu za wageni.

"Huyo mwanaume wa simu ni nani? Usinifiche!"

Waridi alimtazama kwa huruma. "Simu inakwenda dukani Kiganjo, baba. Anayeitwa aje kuzungumza ni Gicheru."

Gicheru! Kaka yake Ngendo, tumbo moja! Kihara alikaa kitako kwenye kiti cha wageni na kucheka mpaka machozi yakamtoka. Kumbe alikuwa akimwonea wivu shemeji yake mwenyewe. Na hilo la "hajui kitu" lilikuwa wazi sasa: watu wa kwao Ngendo walikuwa wakimwandalia sherehe ya kumpokea. Aibu ilimshika, aibu ya kweli.

Jioni hiyo alimshika mkewe mkono mbele ya watu, jambo ambalo hakuwa amelifanya hata kanisani siku ya harusi.

"Nimekusumbua sana," alisema. "Niliona kila mwanaume ni mwizi. Nimeacha, Ngendo. Sitakushuku tena."

Machozi yalimlengalenga Ngendo.

"Haya maneno nimeyangoja sana, Kihara," alisema.

Siku zilizobaki zilikuwa tamu. Kihara aliingia majini na suruali yake, akapigwa na wimbi, akaanguka, na Ngendo akacheka kwa sauti. Dawud alipopita, Kihara alimwachia bahashishi. Safari ya kurudi Mukurweini alilala njia nzima, mtu asiye na la kulinda.

Walishuka barabarani mchana. Kihara alitangulia mbio, na kabla ya kufika langoni akasikia mbuzi wakilia. Zizi lilikuwa limejaa. Alikumbuka sherehe yake, akapiga mluzi kwa furaha na kuingia.

"Mama!" aliita. "Shemeji zangu wameleta nyama yote hii?"

Mamake alikuwa ameketi mlangoni, shuka limemfunika kichwa. Hakuinuka kumsalimu.

"Nilimwambia Gicheru angoje mwenye boma," alisema. "Akasema hata mbuzi wakilala bila wewe ni sawa. Wamelala hapa siku tatu, Kihara. Mimi mwanamke mzee ningewafukuza na nini?"

Kihara aligeuka. Ngendo hakuwa ameingia; alikuwa amesimama nje ya lango, na Gicheru alikuwa ameshampokea sanduku.