Mnyama na Kamba

"Si mimi, dada, ni shetani," alisema mwanamume aliyemvunja mkewe taya.

Mshauri wa saikolojia akatabasamu. "Shetani gani huyo, mbona bosi wako hamgusi?"

Mwanamume akaruka, akamkaba koo. Mkono wa mshauri ukapapasa mezani, ukakamata stepla nzito ya chuma.

Siku zote aliwaambia wateja kwamba mtu huzaliwa mwema, majeraha ndiyo humharibu. Mama yake, mtu wa sala, humcheka: "Kila nafsi ina mnyama, mwanangu. Hata yako. Mfunge kamba."

Stepla ikampata mwanamume sikioni. Akamwachia, akapiga magoti, damu ikilowesha kola. "Basi, dada. Nisamehe."

Mshauri akatazama chumba kizima. Shetani hakuwamo. Mlango ulikuwa wazi.

Akaiinua tena stepla.