Saa Mbili za Kutotikisika

Kila mtihani wa kuchora ulipofika, Mwalimu Mbonde alimtoa mtumishi mmoja wa shule kazini na kumketisha mbele ya darasa kwa saa mbili ili achorwe. Safari hii zamu ilimwangukia mpishi, Bi. Zubeda, na binti yake Raya alikuwa miongoni mwa watahiniwa.

"Mama mpishi, leo umeinjikwa wewe!" alitania kijana mmoja. Darasa likacheka; Raya akainamia karatasi yake.

Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu Zubeda atumie michoro ya Raya ya maonyesho kuwashia jiko, akifikiri ni makaratasi ya kutupa. Tangu siku hiyo binti hakumpa hata shikamoo.

"Ukitikisika, unawaponza watoto," mwalimu alimwonya.

Zubeda, ambaye mikono yake haikuzoea kukaa bure, akajikaza. Mgongo ulimwasha, goti likamcheza. Macho ya wote yalipanda usoni kwake na kushuka, isipokuwa ya Raya. Yeye alichora kiti, akachora dirisha, akachora kanga na maua yake yote, bila kupanda juu ya mabega ya mama yake.

"Zimebaki dakika ishirini."

Zubeda aliona zitakwisha vivi hivi. Akageuza kichwa kwa makusudi, akamkabili binti yake. Darasa zima likaguna.

"Bi. Zubeda!" mwalimu akang'aka.

Raya akainua macho.

"Mama," alisema, "basi kaa hivyo hivyo."

Nzi akatua shavuni kwa Zubeda, akaanza kupanda kuelekea jichoni. Zubeda hakupepesa.